Mavuno ya Nafaka Zamani na Sasa, na Haki Zilizomo Ndani Yake

Darsa letu la mara hii ni juu ya jambo ambalo mtu wa mjini hulila kila siku wala halifikiri, nalo ni mavuno ya nafaka. Huenda msomaji akacheka, akasema: Sisi watu wa Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh tuna nini na mavuno? Shamba letu ni duka la pembeni, na ghala letu ni pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya rafu. Naam, na ndiyo sababu hasa ya kuliandika somo hili. Mkulima huyajua mavuno kwa mikono yake, ama mnunuzi hayajui illa kwa bei. Na mtu asiyejua chakula chake kilikotoka ni mwepesi wa kulishwa sumu, ni mwepesi wa kupunjwa, na ni mwepesi zaidi wa kuingia katika dhulma hali akidhani yumo katika biashara ya halali.

Wala hali hii ya kula tusichokivuna si ngeni kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wa kisiwa kile hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka bara, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Aliwasifu kwa uchaji wao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, walakini katika habari ya nafaka aliwakuta ni watu wa kuletewa. Basi tangu karne ya 14 mji wetu ulikuwa ukila jasho la watu wa nje ya mji, na leo vivyo hivyo Nairobi yala jasho la Trans Nzoia, Uasin Gishu, Mwea, na la majirani zetu wa Uganda na Tanzania.

Nafaka ya asili ya pwani haikuwa mahindi. Ilikuwa mtama, mawele na wimbi, na mpunga penye maji. Mahindi yaliletwa na Wareno baada ya kuyapata Marekani, na jina lenyewe humfanya mtu adhani kuwa ni nafaka ya Bara Hindi, hali Bara Hindi nako yalifika kwa njia hiyo hiyo ya Wareno. Kwa muda mrefu yalikaa nyuma ya mtama, na huku bara ya Kenya hayakushika nafasi ya kwanza mpaka karne ya 20, walipokuja walowezi na mbegu zao nyeupe kutoka Afrika Kusini. Kwa hivyo yule asemaye kuwa sima ya mahindi meupe ni chakula cha mababu zetu tangu na tangu, hakika ameyasahau mawele.

Katika zama hizo mavuno yalikuwa kazi ndefu iliyoanza kabla ya kuvuna. Masuke yakianza kujaa, watoto na kina mama walipanda juu ya dungu kutwa nzima kuamia ndege, wenye teo wakirusha mawe na wasio na teo wakipiga kelele na kugonga mabati na madebe. Masuke yakishakauka hukatwa kwa kisu moja moja, yakatiwa vikapuni, yakaanikwa tena juani, kisha yakapurwa kwa magongo mpaka punje zikaachana na makapi. Hapo ndipo wanawake hushika nyungo, wakapeta wakiuelekea upepo, kapi likaenda zake na punje ikabaki. Ama kutwanga kwa kinu na mchi kulikuwa kazi ya kila siku, na wenye kuikumbuka hawaitamani irudi. Mahindi nayo yalikonyolewa, yakamenywa maganda ya juu tu, yakafungwa mafungu mafungu na kutundikwa uchagani juu ya jiko, ili moshi uyakaushe na kuwafukuza fukusi.

Tazama hapa hekima moja. Katika Sura ya Yusuf tumesimuliwa kuwa Nabii Yusuf (A.S.) aliwashauri watu wa Misri wayaache waliyoyavuna ndani ya masuke yake, wasitoe illa kidogo cha kula. Wazee wetu wengi hawakuwa na elimu ya maabara, lakini waliweka mtama na suke lake na mahindi na ganda lake, na kila siku wakatoa kiasi cha siku ile. Punje iliyo ndani ya vazi lake haivamiwi upesi na mdudu wala haishiki unyevu upesi. Lile ganda tunaloliona takataka lilikuwa ndilo ghala lake.

Pia hatuna haja ya kuficha lililofichwa na wengi. Baada ya mji wa Malindi kufufuliwa katika miaka ya 1860, mashamba ya mtama na mahindi yalienea mpaka Mambrui, na kadhalika huko Takaungu. Nafaka ikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Mavuno yalikuwa makubwa mno na wenye mashamba wakatajirika. Lakini mikono iliyovuna ilikuwa mikono ya watumwa. Sheria ya mwaka 1907 ilipoondoa utumwa katika pwani ya Kenya, wengi wao walikwisha kujiondokea, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori, kwani wenyewe hawakujua kuvuna walichozoea kuvuniwa. Nayataja haya si kwa kuwatukana waliokwisha kutangulia mbele ya haki, bali kwa kuwa wako watu wasifuo mavuno ya zamani kana kwamba yalikuwa baraka tupu. Yalikuwa na baraka, na yalikuwa na dhulma. Wakati huo huo Wagiriama walikuwa wakivuna kwa mikono yao wenyewe na kuuza nafaka yao Takaungu na Mombasa, na mji ukala.

Vipimo navyo vilikuwa vyetu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi 60 ni jizla moja. Pishi ilikaribia ratili 6, yaani kilo mbili na kitu. Leo katika mitaa yetu mahali pa pishi pamechukuliwa na gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia lililo la kilo mbili. Mambo ya gorogoro tutayarudia, kwani yana hesabu yake mbele ya Mola.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Mwaka 1942, katika vita vikuu vya pili, serikali ya kikoloni iliyashika mahindi yote chini ya mamlaka yake, na tangu hapo ununuzi wake ukawa mikononi mwa bodi moja baada ya nyingine, mpaka ikaundwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao mwaka 1979. Katika miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Kwa upande wa mbegu, wataalamu walianza kazi Kitale mwaka 1955, na mwaka 1964 wakatoa mbegu chotara iliyoitwa H611, ambayo mkulima mdogo aliipokea kwa haraka sana kwa sababu ilizaa zaidi. Faida yake hatuikanushi. Ila mbegu chotara haifai kurudiwa, hununuliwa dukani kila mwaka, na mahindi mengi ya namna hii punje zake ni laini kuliko zile ngumu za kienyeji, hivyo mdudu huyapenda. Na mwaka 1983 aliingia Kenya kwa upande wa Taveta mdudu mwingine mbaya kuliko fukusi, aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Marekani ya Kati. Huyu hugeuza gunia la mahindi kuwa gunia la vumbi kwa miezi michache.

Uvunaji wenyewe umebadilika. Katika mashamba makubwa ya Bonde la Ufa mashine moja hukata, hupukuchua na kupepeta, ikaacha nyuma mabua matupu. Na Mwea mpunga wa pishori, uliokuwa ukikatwa kwa mundu, sasa nao huvunwa kwa mashine. Mkulima mdogo bado hukata mabua, akayasimamisha kwa mafungu shambani wiki kadhaa yakauke, kisha akakodi mashine ya kupukuchua ivutwayo na trekta. Kazi ya mwezi hufanywa kwa mchana mmoja. Lakini mashine ina haraka, na jua halina haraka. Mavuno makubwa ya Bonde la Ufa huanza Oktoba, na mara nyingi mvua za vuli huwa bado zinaendelea. Mahindi yaliyokomaa huwa na maji mengi ndani yake, pengine theluthi ya uzito wake, na hayafai kutiwa ghalani mpaka yashuke hadi asilimia 13.5. Mwenye haja ya pesa hangoji. Huyatia magunia yakiwa mabichi, au huyaanika juu ya lami na mchanga, na dalali naye akayapakia lorini usiku, kwa sababu gunia lenye maji ni zito, na uzito ni pesa.

Hapa ndipo hatari ilipo, na napenda msomaji asimame nami kidogo. Nafaka mbichi iliyofungwa huota kuvu, na katika kuvu hiyo imo aina itoayo sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 1981 iliua watu 12 huko Machakos. Mwaka 2004 ikaja kubwa kuliko hiyo: katika Makueni, Kitui na jirani zao waliugua watu 317, wakafa 125. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakaharibika. Mahindi yale yalivunwa wakati mvua imekuja mapema, yakawekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Na watu walipopima nafaka katika masoko ya wilaya zile, zaidi ya nusu ya sampuli zilikutwa zimevuka kipimo. Basi si jambo la ghala za vijijini peke yake, kwani sokoni ndiko tununuako sote. Novemba 2019 shirika la viwango nchini lilizuia aina 5 za unga wa mahindi wa pakiti kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, na Machi 2021 serikali ikasimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi kwa ghafla, lakini ini lake lina hesabu.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Zingatieni, ndugu zangu. Mvua si kosa la mwenye nafaka, na Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha iliyorowa chini ya iliyokauka. Wala hakutazama rundo kwa juu akapita zake, bali alitia mkono. Sisi tulio na maduka ya nafaka Majengo na Eastleigh, na sisi tununuao kwa jumla Nyamakima, je, tunatia mkono? Au twaridhika na punje nzuri zilizo mdomoni mwa gunia? Na kuna wachanganyao makusudi gunia la mwaka jana lililooza na la mwaka huu lililo jema, wakasema kuwa ni kupunguza hasara. Hiyo ndiyo ghushi yenyewe, na katika zama hizi haiibi mali tu, huibia mtu uhai wake.

Kwa nyumba zetu, yafaa mambo machache yajulikane. Mahindi yajaribiwe kwa chumvi: chukua chupa iliyokauka, tia punje na chumvi iliyokauka sawasawa, utikise, kisha uache kwa muda wa robo saa. Chumvi ikigandama katika ubavu wa chupa, mahindi hayo yana maji, yaanikwe tena juu ya turubai wala si juu ya mchanga. Yachambuliwe kabla ya kupelekwa kisiagi, punje zilizovunjika, zilizotoboka na zilizogeuka rangi zitupwe, wala asipewe kuku, kwani sumu hiyo humdhuru mnyama pia na yaweza kuturudia katika maziwa. Kukoboa nako hupunguza sehemu kubwa ya sumu kwa kuwa nyingi hukaa katika ngozi ya nje. Mama asemaye kuwa kuchambua ni kazi ya ushamba, afahamu kuwa ungo wa bibi yake ulikuwa ukichuja zaidi ya mawe.

Ama gorogoro, nalo limezoeleka hata watu hawaoni haya. Kopo hupigwa kitako kikaingia ndani, au hukatwa mdomo kidogo, likabaki na jina la kilo mbili bila ya kilo mbili zenyewe. Mnunuzi ni maskini anunuaye cha leo kwa pesa ya leo, hana mizani. Tunayo sura nzima katika Qur'ani iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na haikuteremshwa kwa watu wa jangwani pekee.

Kuna na biashara nyingine ambayo baadhi ya vijana wetu wa mjini wameingia: kwenda mashambani mahindi yakiwa mabichi, kabla punje haijashika, wakamkuta mkulima ana ada ya shule au mgonjwa, wakanunua shamba zima kwa bei ya kutupa. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuzwa kwa masuke mpaka yakomae na yasalimike na maafa, muuzaji akakatazwa na mnunuzi pia. Sababu yake ni dhahiri: mwaka 2011 maradhi mapya yaliyoanza kuonekana Bomet yalikausha mahindi mashambani kabla ya kuzaa. Lau mtu angekuwa ameyanunua mabichi, angekula mali ya nani? Atakaye kumsaidia mkulima kwa pesa za mbele, sheria imemwekea mlango wa salam: alipe thamani yote palepale, watajane aina ya nafaka, kipimo chake na wakati wa kuipokea, iwe ni deni katika dhima ya muuzaji wala si mazao ya shamba fulani. Mlango huo ni mpana, na mkulima hatoki uchi.

Tumesimuliwa pia katika Sura ya Al-Qalam habari ya wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri kabla maskini hawajaamka, ili wasiwape kitu. Wakanong'onezana njiani wasije wakasikiwa, na walipofika walikuta shamba limekuwa jeusi tangu usiku. Katika mavuno ya zamani ya pwani, mwenye shamba hakuokota kila suke lililoanguka. Wajane na watoto walikuja nyuma ya wavunaji wakaokota, wala hapakuwa na aliyewafukuza. Mashine ya leo huacha nayo punje chini, lakini shamba lina waya na mlinzi.

Tumalizie kwa hukumu, kwani wako ndugu wa mitaa yetu wanaokodi ekari Trans Nzoia au Narok, na maswali yao yameletwa darsani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, zaka ya mazao ni wajibu katika nafaka za chakula ziwekwazo akiba, kama mahindi, mtama, ngano, mchele na maharagwe. Haingojewi mwaka kupita, bali ni haki ya siku ya mavuno, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-An'am. Kiwango chake ni wasaq 5, nazo ni swaa 300, ambazo wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kiasi cha kilo 653 za nafaka safi, yaani magunia saba na robo ya kilo 90. Yaliyopata maji ya mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na yaliyonyweshwa kwa pampu na gharama hutolewa nusu ya hiyo. Mwenye magunia 40 ya mvua atatoa 4, na wa pampu atatoa 2. Gharama za kuvuna, kupukuchua na kukausha ni juu ya mwenye mazao, hazikatwi kwanza katika madhehebu yetu, na ni lazima kitolewe kilichokauka na kusafishwa, si kile kilichobaki chini ya turubai.

Katika shamba la kukodi, zaka ni juu ya aliyepanda kwa jumhuri ya wanazuoni, kwa kuwa mazao ni yake. Imamu Abu Hanifa ameiweka juu ya mwenye ardhi. Ama anunuaye nafaka ili auze, huyo hana zaka ya mavuno, zake ni zaka za biashara, robo ya sehemu moja katika kumi kwa mwaka. Wala haijuzu kwetu kuihamisha zaka ya mazao kuileta Nairobi hali wako wenye kustahiki huko yalikovunwa. Wapewe Waislamu maskini wa Kitale na vijiji vyake kwanza. Wakikosekana ndipo ihamie kwa walio karibu nao, hatua kwa hatua, na lori la mavuno lisiondoke kuelekea Nairobi mpaka fungu lao limeshapimwa na kushushwa.